Baiskeli ya Injini na Hesabu ya Kushuka

Nilisimama kabla ya mteremko wa mwisho wa barabara ya Kibosho, inayoshuka kutoka miteremko ya Mlima Kilimanjaro hadi mji wa Moshi, pale migomba inapoanza kupungua na nyumba za mji kuongezeka, kwa sababu nilisikia harufu. Haikuwa ya petroli, ambayo ningeitarajia, wala ya moshi wa ekzosi. Ilikuwa harufu ya raba inayoungua. Nikaiegemeza baiskeli kwenye ukingo wa mtaro, nikachuchumaa, nikagusa rimu ya nyuma kwa ncha ya kidole, na kidole kikarudi chenyewe kabla sijaamua kukiondoa. Raba za breki, ambazo asubuhi zilikuwa na mifereji iliyokatwa vizuri, zilikuwa zimelainika na kung'aa, na upande mmoja ulikuwa umechora mstari mweusi kuizunguka rimu yote.

Injini ilikuwa baridi. Niliizima tangu juu.

Vijana wawili waliokuwa wakipandisha madumu ya maji wakasimama kuitazama. Mmoja akauliza swali ambalo huulizwa na kila mtu anayeiona: "Kaka, hiyo inakimbia ngapi?"

Nikamjibu, wakacheka kwa furaha, wakaendelea na safari yao. Mimi nikabaki pale nikisubiri rimu ipoe, na kwa majuma kadhaa baada ya hapo nimeshindwa kuacha kufikiria jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kuniuliza inashukaje.

Sanduku

Sitaeleza kirefu kwa nini mtu mwenye akili timamu aliye Moshi, mji uliojaa bodaboda kila kona, aamue kufunga injini kwenye baiskeli nyuma ya nyumba yake. Nilitaka kujua inavyofanyika, na nilikuwa na fremu nzuri ya chuma ya baiskeli ya mtumba. Anayetafuta chombo cha kazi anunue pikipiki. Hilo nimewaambia watu wengi na sijabadili mawazo.

Injini zenyewe huja katika sanduku pamoja na tangi, kabureta, mnyororo, sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo) na waya za kila rangi. Ni injini ya mipigo miwili, silinda moja, isiyo na pampu ya oili. Sanduku langu liliandikwa cc 80, yaani ujazo wa silinda wa sentimita za ujazo 80. Nilipofungua kichwa cha silinda na kupima, nilipata kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38, na hesabu ya hapo haitoi 80 bali 66. Wanaozifahamu injini hizi wanajua kuwa ile 80 ni ya biashara tu. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha mapema namna chombo kizima kinavyouzwa: kwa tarakimu ya nguvu, hata kama tarakimu hiyo haipo.

Zilizobaki ni hesabu za meno. Ndani ya injini kuna gia zinazopunguza mizunguko kwa takriban mara 4.1, nje kuna sproketi ndogo ya meno 10 inayovuta sproketi ya nyuma ya meno 44. Ukizidisha, injini huzunguka mara 18 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi la inchi 26, mizunguko 5,000 kwa dakika inakupa kilomita 34 hivi kwa saa.

Kilomita 34 kwa saa juu ya baiskeli ni nyingi kuliko zinavyosikika.

Chaki

Kazi iliyonichosha kuliko zote haikuwa ya injini. Ilikuwa ni kuifunga ile sproketi ya meno 44 kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu haifungwi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kama ya pikipiki. Inabana spoku zenyewe: raba moja kwa ndani, raba nyingine kwa nje, vipande vya chuma nyuma yake, na bolti tisa zinazopita katikati ya spoku na kuvikaza vyote pamoja. Sproketi ikikaa pembeni kwa milimita mbili tu, mnyororo utakaza na kulegea katika kila mzunguko, na siku moja utaruka ukiwa katika mwendo.

Fundi baiskeli ninayemwamini ana kibanda jirani na soko la Mbuyuni. Nilimpelekea gurudumu. Baada ya shikamoo na marahaba hakusema kitu. Aliligeuza mkononi, akagonga spoku moja moja kwa kucha akisikiliza mlio, akazikaza zile zilizolia vibaya. Kisha akalitundika kwenye uma wa zamani wa baiskeli, ule unaoshika gurudumu, alioufunga kwenye meza, akaegemeza kipande cha chaki kwenye chuma karibu na meno ya sproketi, akalizungusha polepole. Penye jino lililojitokeza zaidi chaki iliacha alama. Akalegeza bolti za upande huo robo mzunguko, akagonga kwa kipini cha nyundo, akakaza za upande wa pili, akazungusha tena. Alama ikahama. Alirudia hivyo bila haraka, huku akihudumia wateja wa pancha katikati, mpaka chaki ikagusa meno yote sawasawa.

Aliponikabidhi alisema, "Mwanangu, spoku hizi zilipangwa kubeba mtu. Sasa umeziambia zibebe na mvutano wa mnyororo. Zikague kila ukitoka."

Nazikagua. Pamoja na kila nati, maana mtikisiko wa injini hii unafungua hata kile ambacho ungeapa kuwa umekikaza, na kwa maoni yangu nati zenye nailoni ndani yake ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote kwenye baiskeli nzima kwa bei iliyolipiwa.

Mlima una pande mbili

Baiskeli yangu ilipanda Kibosho bila matatizo. Nilianza kwa pedeli, nikaachia klachi, injini ikashika, na kuanzia hapo nilisaidia kwa miguu pale tu barabara ilipokuwa kali. Huko juu injini ilianza kuvuta kwa uzito, kwa sababu hewa hupungua kadiri unavyopanda huku kabureta ikiendelea kumimina petroli kwa kipimo cha chini. Plagi niliyoifungua ilikuwa nyeusi kwa masizi. Nilishusha sindano ya kabureta, ile inayopima petroli, kwa ngazi moja, na tatizo likaisha. Wahandisi wamekwisha kufikiria matatizo ya kupanda, na suluhisho lake hukaa ndani ya bisibisi.

Kushuka ni habari nyingine.

Mimi na baiskeli, pamoja na petroli na vifaa vichache, tuna uzito wa kilo 100 hivi. Kutoka Kibosho hadi mjini unashuka takriban mita 500. Zidisha uzito kwa kimo na kwa nguvu ya mvutano wa dunia, unapata karibu kilojuli 490. Nishati hiyo haipotei. Sehemu inachukuliwa na upepo unaokupiga kifuani, sehemu kidogo inaishia kwenye tairi, na inayobaki yote inageuka joto mahali raba ya breki inapokutana na rimu. Kilojuli 490 zinatosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji. Kwa lugha nyingine, ni sawa na kusimama ghafla kutoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa karibu mara 80, bila kupumzika kati.

Niliifanya hesabu hii usiku, mezani, kidole kikiwa bado kina malengelenge madogo, na nikairudia kwa sababu sikuiamini mara ya kwanza.

Kuna jambo baya zaidi kuliko raba kulainika. Rimu ikipata moto, joto linakwenda ndani kwenye tairi, na ndani ya tairi kuna tyubu, na tyubu nyingi za mji huu zina viraka. Gundi ya kiraka haipendi joto. Tyubu ikiachia hewa ghafla kwenye gurudumu la mbele, katikati ya kona, na upande wa chini kuna korongo, hakuna cc zitakazokusaidia.

Lakini baiskeli zimekuwa zikishuka mlima huu tangu zamani, utasema, na zikiwa na mizigo. Ni kweli, na hilo ndilo lililonifanya nianze kuwaangalia washushao ndizi kwa jicho jipya. Mizigo ya Kilimanjaro karibu yote inashuka. Ndizi, parachichi, majani ya ng'ombe kwa walio chini, vyote vinatoka kwenye vihamba (mashamba yanayozunguka nyumba) vya juu kwenda sokoni. Kinachopanda ni mtu, mfuko wa sukari na habari za mjini. Mwendesha baiskeli mwenye mikungu nyuma hushuka polepole mno, mara nyingi akiwa amekanyaga tairi la nyuma kwa ndala ili kuziongezea breki nguvu, na penye mteremko mkali anashuka na kutembea huku akiirudisha baiskeli nyuma kwa mwili wote. Wakati wa kurudi anaisukuma ikiwa tupu.

Kwa hiyo injini inamsaidia wakati ambao hana mzigo. Wakati mzigo upo, injini yenyewe ni kilo za ziada zinazotaka kuzuiwa.

Oili inakuja na petroli

Rafiki mmoja anayeendesha malori alinisikiliza nikieleza haya akasema jambo rahisi: shuka na gia. Dereva yeyote wa lori anayeteremka milima anajua kuacha injini izuie gari ili breki zisiungue. Kwa nini nilizima injini na kukaza klachi, yaani kuitenga injini na gurudumu? Ningeiacha ikiwa imeshika, kabureta ikiwa imefungwa, nayo ingenizuia.

Ushauri huo ni sahihi kwa lori. Kwa injini ya mipigo miwili isiyo na pampu ya oili una hatari ambayo watu wengi hawaioni. Injini hii inapata oili kwa njia moja tu, nayo ni ile oili uliyoichanganya kwenye petroli. Mimi hutumia mililita 50 za oili kwa kila lita moja, ninazipima kwa bomba la sindano kubwa, natikisa chupa, namimina. Petroli ikiingia, oili inaingia. Ukifunga kabureta juu ya mteremko mrefu, petroli haiji ila kidogo sana, na oili nayo haiji. Lakini gurudumu linaendelea kuilazimisha injini izunguke maelfu ya mara kwa dakika. Pistoni inasugua silinda ikiwa karibu kavu. Kwenye mji wa tambarare mteremko unaisha baada ya sekunde kadhaa na hakuna kinachotokea. Kwetu mteremko unaweza kuchukua nusu saa.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Ukikaza klachi, joto lote linakwenda kwenye breki. Ukiiachia, unaikausha injini. Unaweza kushika njia ya kati, yaani kushuka injini ikiwa imeshika na kila baada ya muda mfupi kufungua kabureta kidogo ili iipe pistoni oili, kisha kufunga tena, na ndivyo ninavyofanya sasa kwenye miteremko ya wastani. Ni kazi ya mikono na masikio, inachosha, na haikufanyi upumzike hata kidogo kwenye ile sehemu ya safari ambayo waendesha baiskeli wa kawaida huifurahia kuliko zote.

Niliwaza kuifungua injini yote na kuiuza.

Mahali injini ilipokaa

Katika kipindi hicho nilisoma sana habari za watu waliotutangulia, na nikaona kwamba hadithi zao karibu zote zinasimuliwa kutoka upande wa nguvu. Mwaka 1946, kule Hamamatsu nchini Japani, Soichiro Honda alichukua injini ndogo za jenereta zilizobaki kwenye redio za jeshi akazifunga kwenye baiskeli, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ambayo kila mtu anaifahamu. Nchini Kuba, petroli na magari vilipoadimika, watu walifunga injini za kila aina kwenye baiskeli zao na kuziita rikimbili. Ni hadithi tamu, na injini ndiyo shujaa wake.

Iliyonivutia zaidi ni ya zamani kuliko hizo. Mwaka 1897, ndugu wawili wa familia ya Werner, waliokuwa wakifanya kazi Paris, walitengeneza baiskeli yenye injini juu ya gurudumu la mbele. Iliuzwa, ikapendwa, lakini uzito ule wa juu uliifanya iteleze na kuanguka kirahisi barabara ikilowa. Mwaka 1901 walikuja na nyingine: injini imeshushwa chini, katikati ya fremu, pale ambapo mhimili wa pedeli hukaa. Pikipiki nyingi hadi leo zinafuata mpangilio huo. Hatua ile kubwa haikutokana na kutafuta mwendo zaidi. Walitaka mtu asianguke.

Nilipolielewa hilo niliacha kuwaza kuiuza.

Uma wa mbele

Kwanza nilibadili sproketi. Wenzangu wenye uzoefu walinishauri niweke ya meno 36 ili baiskeli ifike kilomita 40 na kitu kwa saa. Niliagiza ya meno 50. Kwa mizunguko ileile 5,000, mwendo umeshuka hadi kilomita 30, injini inapanda kwa urahisi zaidi, na ikishika wakati wa kushuka inazuia zaidi. Walionishauri hawajafurahi.

Kisha breki. Diski ya nyuma ilikuwa chaguo la kwanza kichwani mwangu, lakini haikuwezekana: diski ya baiskeli hukaa upande wa kushoto wa gurudumu, na upande huohuo ndio uliochukuliwa na sproketi ya injini. Kwa hiyo nyuma pamebaki na breki ya rimu, na kazi kubwa imehamishiwa mbele.

Mchomeleaji mmoja alikuwa tayari kunichomelea kishikizo cha diski kwenye uma wangu wa zamani, kwa bei ya chini, siku hiyohiyo. Nilikataa, na hapa naomba anayejenga ya kwake anisikilize vizuri. Breki ya rimu inavuta pande zote mbili za uma kwa usawa, karibu na juu. Breki ya diski inasukuma mguu mmoja tu wa uma, chini kabisa, kwa nguvu inayotaka kuupinda. Uma ambao haukutengenezwa kwa ajili hiyo, tena uliolainishwa na moto wa kuchomelea, unaweza kukatika, na uma wa mbele hukatika wakati mmoja tu, nao ni wakati unapofunga breki kwa nguvu. Nilitafuta kwenye baiskeli za mtumba mpaka nikapata uma uliotoka kiwandani na vishikizo vya diski, pamoja na habu yake. Diski niliyoweka ina kipenyo cha milimita 180. Uma huo ulinigharimu zaidi ya nilivyopenda, na kwa sura haufanani na sehemu nyingine za baiskeli.

Diski nayo inapata moto, tena haraka, lakini joto lake halifiki kwenye tyubu, na vitambaa vyake, yaani pedi za breki, vimetengenezwa kuvumilia. Bado nasimama katikati ya mteremko kuipumzisha. Walioko nyumbani wanafikiri ninasimama kutazama mandhari.

Trafiki

Suala la sheria nalitaja kwa ufupi kwa sababu sijalimaliza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuangalii kwa huruma eti kwa sababu chombo chako kina pedeli. Ukiweka injini na kuingia barabara kuu, habari za usajili, leseni na bima zinakufuata. Fremu yangu ina namba ya kiwandani, imegongwa chini ya mhimili wa pedeli, lakini namba hiyo peke yake si hati ya usajili. Kwa sasa natumia njia za ndani ya kata ya Rau injini ikiwaka, na nikifika lami kubwa naizima na kukanyaga pedeli. Sidai kwamba hilo ni jibu.

Mpwa wangu

Haya yote yangebaki kuwa mambo yangu binafsi kama mpwa wangu asingekuja kutoka Old Moshi, kule juu mlimani. Yeye hushusha ndizi hadi soko la Kiboriloni kwa baiskeli ya breki za vyuma, zile zinazovutwa kwa fimbo na kubana rimu kwa ndani. Aliniamkia, akanywa chai, akaizunguka baiskeli yangu mara kadhaa.

"Mjomba, nijengee na mimi. Nikirudi juu ninachoka sana."

Nilimwelewa. Nimeisukuma baiskeli kwenye barabara ile. Lakini nilimwomba kalamu, nikapiga hesabu yake mbele yake: mwili wake, baiskeli, injini, na mikungu miwili ya ndizi za mshare, vyote pamoja kilo 150. Kwa mita 500 za kushuka, hizo ni zaidi ya kilojuli 730, kwa breki za fimbo. Nikamwambia pia kwamba kwa sasa miguu yake inamlinda kwa namna asiyoiona, kwa sababu mtu anayejua kwamba atapanda kwa kusukuma hubeba mzigo anaoweza kuumudu. Injini ikimwondolea uchovu, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuongeza mkungu wa tatu.

Akacheka. "Mjomba, umejuaje?"

Tulikubaliana hivi: nitamjengea, kwa kazi yangu bila malipo, lakini uma wa diski na gurudumu la mbele vinunuliwe kwanza, viletwe hapa nyumbani nivione, ndipo tuzungumze kuhusu injini. Akaitikia vizuri, akashukuru, akaaga.

Jana mama yake alinipigia simu kwa mambo mengine, na katikati ya mazungumzo akaniambia kijana ameshalipia injini. Ya cc 80.